Maumivu na Hatia katika Neno "Sorry"

Neno "sorry" ni miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mzungumzaji wa Kiswahili hukutana nayo mapema mno, pengine kabla hajajua kuhesabu hadi kumi kwa lugha hiyo, na kwa sababu hiyo huonekana halina siri. Hata hivyo, anayetaka kulitafsiri hujikuta mbele ya maneno mawili ya Kiswahili yasiyoweza kubadilishana nafasi: "pole", analoambiwa aliyepatwa na jambo hata kama msemaji hahusiki nalo, na "samahani", linalotamkwa na mwenye kosa au mwenye kukatiza shughuli ya mwenzake. Anayemwambia mfiwa "samahani" hujitia katika kesi isiyo yake, na anayemkanyaga mtu kisha akamwambia "pole" pasipo kuongeza neno huonekana mjuvi. Kiingereza kimeyabeba yote mawili kwa neno moja, na uchambuzi huu unashikilia kwamba mizigo hiyo miwili haikupakiwa kwa wakati mmoja: maumivu ndiyo mwenyeji wa neno, hatia ni mgeni aliyeingia baadaye sana, na mabishano makubwa yaliyozuka juu ya "sorry" mahakamani, bungeni na baina ya mataifa yanaeleweka vizuri zaidi msomaji akijua nani alitangulia kuingia.

Asili ya neno iko katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichoandikwa kabla ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066, ambamo lilikuwa "sārig", kivumishi kilichoundwa kutokana na "sār", nomino yenye maana ya maumivu au jeraha, kwa kuongezewa kiambishi tamati "-ig" ambacho ndicho "-y" ya leo katika vivumishi vingi vya Kiingereza. Aliyekuwa "sārig" alikuwa mtu mwenye maumivu ya moyo, mwenye simanzi, na hakukuwa na dokezo lolote kwamba amemkosea mtu. Mzazi wa neno hilo angali hai katika umbo la "sore", linalotumiwa kwa kidonda, kwa misuli iliyochoka na kwa koo linalowasha, hata mgonjwa anayemweleza daktari kwa Kiingereza kwamba koo linamuuma huwa ametamka shina lilelile ambalo "sorry" ilichipuka.

Hapa ni lazima kuondoa dhana moja ambayo wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe huishika bila kuihoji, nayo ni kwamba "sorry" imetoka katika "sorrow", neno lao la huzuni. Maneno hayo mawili yanafanana kwa sura na kwa maana, lakini hayana udugu. "Sorrow" ilikuwa "sorg" katika Kiingereza cha Kale, na ndugu yake wa Kijerumani ni "Sorge", yaani wasiwasi, ilhali "sorry" ni mtoto wa kidonda. Kilichowasogeza karibu ni historia ya matamshi: irabu ndefu "ā" ya Kiingereza cha Kale iligeuka kuwa "o" katika maneno mengi, kama "stān" iliyozaa "stone", yaani jiwe, na "hām" iliyozaa "home", yaani nyumbani, kisha katika "sorry" irabu hiyo ikafupika, na ujirani wa "sorrow" unaaminiwa kuwa ulichangia kuifikisha pale ilipo. Ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakafanana kwa kuishi pamoja.

Ukoo halisi wa "sorry" umetawanyika kwa namna inayofundisha. Kiholanzi kina "zeer", neno ambalo hadi leo linaweza kumaanisha maumivu na vilevile "sana". Kijerumani kimebaki na "sehr", ambalo ni "sana" tupu, huku maumivu yakiwa yamejificha katika neno "unversehrt", yaani asiyedhurika. Kiingereza nacho kilipita njia hiyo, kwa kuwa katika tafsiri ya Biblia iliyochapwa London mwaka 1611 neno "sore" hutumiwa mara nyingi kuonyesha ukali wa jambo, kama vile hofu kubwa au njaa kali. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kushangaa, maana naye husema fulani anampenda fulani "vibaya", au kwamba kitu kimempendeza "mbaya", bila kukusudia ubaya wowote. Nje kabisa ya lugha za Kigermaniki, Kifini kina "sairas", neno la kawaida la mgonjwa, ambalo wanaisimu hulihesabu miongoni mwa maneno ambayo Wafini waliyaazima kwa majirani zao zamani sana, kabla Kiingereza hakijawa lugha inayojitegemea.

Kabla ya hatia kuingia, neno lilichukua kwanza njia ya dharau. Katika Kiingereza cha Kati kitu kilichotia huruma kilianza kuitwa "sorry" hata kama chenyewe hakina moyo wa kuumia, kisha huruma ikashuka ikawa kudharau, kiasi kwamba hadi leo nyumba mbovu, farasi aliyekonda au udhuru usio na kichwa wala miguu huweza kuvikwa kivumishi hicho. Shakespeare alilitumia hivyo katika "Macbeth", pale muuaji anapoitazama mikono yake yenye damu. Neno "maskini" la Kiswahili limetembea karibu hatua hizohizo, kwani humwonea mtu huruma, humtaja fukara, na likisemwa kwa sauti fulani humshusha hadhi.

Matumizi ya kuomba radhi yalizaliwa kwa kukatwa kwa sentensi. Msemaji aliyesema kwamba anaumia moyoni kwa kuwa amemuudhi mwenziwe alikuwa, kisarufi, anatoa habari ya moyo wake tu, na msikilizaji ndiye aliyekuwa akihitimisha kwamba anayeumia kwa alilotenda bila shaka anajuta. Kadiri hitimisho hilo lilivyozoeleka, maneno ya kueleza sababu yaliachwa, kisha kiwakilishi na kitenzi navyo vikaachwa, na kufikia karne ya 19 "sorry" pekee ilikwisha kutosha kuwa ombi la radhi. Kabla ya hapo Waingereza walitegemea zaidi maneno ya asili ya Kifaransa yenye kusihi waziwazi, likiwemo "pardon", na neno zito "apology" lililotoka katika Kigiriki, ambako "apologia" ilikuwa hotuba ya mshtakiwa ya kujitetea. Inafaa kukumbuka kwamba neno rasmi la Kiingereza la kukiri kosa lilianza maisha yake kama neno la kukana kosa.

Njia hiyo ya kutoka maumivu hadi majuto si ya Kiingereza peke yake. Mfaransa huomba radhi kwa kujiita "désolé", yaani aliyevunjika moyo. Mhispania husema "lo siento", kwamba anahisi jambo lile. Na Mjerumani husema "es tut mir leid", kwamba jambo lile linamtia uchungu. Wote hawa hueleza hali zao na kumwachia msikilizaji kazi ya kuelewa. Kiswahili kimepita mlango mwingine. "Samahani" ni "sāmihnī" ya Kiarabu, kitenzi cha kuamuru chenye maana ya "nisamehe", na ile "-ni" ya mwisho, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya wingi kama ya "njooni", kwa asili ni mimi mwenyewe ninayeomba kusamehewa. "Kumradhi", au "kunradhi" kama wanavyotamka wengine, ni amri ya Kiarabu ya kumtaka mtu awe radhi, na "niwie radhi" ni tafsiri yake kwa sarufi ya Kibantu. Maneno yote matatu humkabidhi aliyekosewa uamuzi, kwa kuwa yanamtaka atende kitu, ilhali "sorry" haimtaki mtu yeyote atende chochote.

Tofauti hii ndiyo iliyomshughulisha mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake. Austin alitenga kauli zinazotoa habari na kauli alizoziona kuwa ni vitendo vyenyewe, ambazo hapa zinaweza kuitwa kauli tendaji, kama vile kuahidi, kuweka dau au kufungua mkutano, kwa kuwa anayetamka neno "naahidi" huwa tayari amekwisha kuahidi. Alipofika kwenye kuomba radhi alionyesha kwamba kitenzi "apologize" ni kauli tendaji kamili, ilhali kusema "I am sorry" kumesimama katikati, nusu kitendo na nusu habari. Uchunguzi huo mdogo, ambao ungeweza kuonekana kuwa ni mchezo wa wanafalsafa, una uzito wa kisheria na wa kisiasa usio mdogo, kwa sababu mahali ambapo neno lina nusu mbili pana nafasi ya mtu kutoa nusu moja na kubaki na nyingine.

Katika maisha ya kila siku nchini Uingereza neno limetumiwa hadi likapungua uzito. Mwanaanthropolojia Kate Fox, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu tabia za Waingereza, alieleza jinsi alivyowagonga watu kwa makusudi mitaani na vituoni ili ahesabu wangapi wangesema "sorry", na akapata kwamba takriban wanane katika kila kumi walisema, ingawa wao ndio waliogongwa. Neno hilohilo, likipandishwa sauti mwishoni, huwa ombi la kurudiwa neno lisilosikika, kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa "naam?" au "unasemaje?", likitangulia swali huwa ni hodi, na likifuatiwa na "but" huwa ni onyo kwamba msemaji yu karibu kubisha na hajutii hata kidogo.

Kwa msingi huo ndipo yanapopaswa kupimwa matumizi ya Afrika Mashariki. Katika Kiingereza cha Nairobi, Kampala au Arusha, anayejikwaa kwenye ngazi huambiwa "sorry" na yeyote aliye karibu, na vivyo hivyo aliyenyeshewa, aliyefeli mtihani na aliyeamka na homa. Walimu wengi wamelisahihisha jambo hilo kama kosa linalotokana na "pole" ya Kiswahili, na kuhusu chanzo wana hoja. "Pole" ni jamaa ya "polepole", "upole" na kitenzi "poa", na maana yake ya ndani ni kumtakia mtu kwamba joto la maumivu lishuke. Ndiyo maana jibu lake la kale, ambalo bado linasikika kwa wazee, ni "nimeshapoa". Katika Afrika Magharibi hali ni ileile ingawa Kiswahili hakikufika huko. Wayoruba huambiana "pẹ̀lẹ́", ambalo likirudiwa huwa ni "taratibu", na Wahausa huambiana "sannu", ambalo likirudiwa huwa "polepole" na likifuatiwa na neno la kazi huwa ni "pole na kazi" neno kwa neno, na Kiingereza cha Lagos na cha Kano kimeyahamisha yote hayo ndani ya "sorry". Kufanana kwa sauti kati ya "pole" na "pẹ̀lẹ́" ni sadfa, lakini kufanana kwa fikra, kwamba anayeumia huombewa utulivu, hakuwezi kupuuzwa kwa wepesi huo.

Kuhusu kuliita kosa, walimu hao hawana hoja nzito. Mtu anayesema "sorry" kwa maumivu ya mwenziwe, bila kuyasababisha, analitumia neno karibu zaidi na "sārig" kuliko abiria wa treni ya London anayelitamka kwa sababu amekanyagwa. Waingereza wenyewe hawakuiacha maana hiyo; waliibana tu ikabaki kwenye misiba na habari mbaya sana, na nchini Ireland mazishini watu hupeana mkono na kumwambia mfiwa kwamba wako "sorry" kwa taabu iliyompata. Waafrika waliirudishia upana wake.

Kwa wanasheria na wanadiplomasia mambo haya si ya darasani. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan, rubani Mchina Wang Wei akapotea baharini, na Wamarekani 24 wakashikiliwa baada ya ndege yao kutua kisiwani bila ruhusa. China ilitaka kuombwa radhi, Marekani ikakataa kukubali kosa, na suluhu ikapatikana katika barua ya balozi Joseph Prueher ya tarehe 11 Aprili iliyosema mara mbili kwamba Marekani iko "very sorry", kwanza kwa kifo cha rubani na kisha kwa kutua bila idhini. Beijing iliitafsiri kwa wananchi wake kwa maneno yenye uzito wa kuomba radhi, Washington ikawaeleza wake kwamba ni maneno ya huruma tu, na Wamarekani hao wakaachiwa baada ya siku 11. Hakuna aliyedanganya katika tafsiri hiyo, kwa kuwa kila upande ulichukua nusu yake. Mahakamani hofu ni hiyohiyo, kwamba daktari au dereva aliyesema "sorry" atasomewa neno lake kama ushahidi, na ndiyo sababu jimbo la Massachusetts mwaka 1986, British Columbia mwaka 2006 na Ontario mwaka 2009 yalitunga sheria za kulikinga neno hilo, kila moja kwa upana wake, huku sheria ya fidia ya Uingereza ya mwaka 2006 ikitamka kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe.

Australia ndiko neno lilikofika mbali zaidi. Ripoti iliyowasilishwa bungeni mwezi Mei 1997 ilieleza jinsi watoto wa wenyeji wa asili walivyonyang'anywa wazazi wao kwa amri za serikali kwa miongo mingi, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Mei 1998, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza siku iliyoitwa kwa neno hilihili, "Sorry Day". Waziri Mkuu John Howard alikubali mwaka 1999 azimio la bunge lenye kueleza masikitiko ya dhati, lakini alikataa kutamka "sorry", akishikilia kwamba kizazi cha sasa hakiwezi kubebeshwa lawama za matendo ya waliotangulia. Tarehe 28 Mei 2000 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la bandari ya Sydney, na juu yao ndege ikaliandika neno hilo angani kwa moshi. Kinachosahauliwa mara nyingi katika kusimulia kisa hiki ni kwamba katika Kiingereza cha wenyeji wa asili wa Australia "sorry business" ni matanga: kulia, kukaa na wafiwa, kutotaja jina la marehemu, kuacha shughuli nyingine zote hadi wajibu uishe. Walipodai "sorry", sehemu ya walichodai ilikuwa ni serikali ije ikae msibani. Howard alisikia mashtaka peke yake. Kevin Rudd alipolitamka bungeni Canberra tarehe 13 Februari 2008, alitumia "sorry" pamoja na "apologise", akafunga mianya yote miwili kwa mpigo, ijapokuwa fidia haikuwamo.

Serikali ya Uingereza imekuwa na uangalifu mkubwa zaidi inapozungumza na Wakenya. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague aliliambia bunge kwamba serikali inasikitika kwa dhati juu ya mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, na papo hapo akakana kwamba serikali ya sasa inawajibika kisheria. Mfalme Charles alipofika Nairobi, katika dhifa ya tarehe 31 Oktoba 2023, alitaja "sorrow" kubwa na masikitiko makubwa, akasema kwamba hakuna kisingizio kwa yaliyotendwa, lakini ombi la radhi halikutoka. Kwa mwenye kujua historia ya maneno, chaguo hilo lina uchungu wa pekee, kwa kuwa Wakenya walisubiri "sorry" wakapewa neno lililofanana nalo kwa sura na lisilo hata la ukoo wake. Siku iliyofuata, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya wajukuu na vitukuu wa walionyongwa wakati wa vita vya Maji Maji, akiwemo nduna Songea Mbano, na kwa lugha yake akaomba kusamehewa. Kauli yake ilikuwa ya mlango wa "samahani": ilikuwa ombi, na ombi huacha jibu mikononi mwa anayeombwa.

Siku hizi neno limekwisha kuvuka na kuingia Kiswahili chenyewe kwa umbo la "sori", nalo limejichagulia nafasi finyu kuliko lilikotoka. Mtu husema "sori, nimechelewa" au "sori, sikuona meseji yako", na kwa makosa ya ukubwa huo tu. Anayetaka kusamehewa jambo zito hurudi kwenye "nisamehe" au "naomba radhi", na hakuna anayekwenda matangani na "sori" mdomoni, kwa sababu nafasi ya huruma tayari ina mwenyewe. Kiswahili kwa hiyo kimeazima mgeni kikamwacha mwenyeji.

Limebaki suala la majibu, ambalo kamusi haziligusi. "Sorry" ya kuomba radhi ina jibu katika Kiingereza, kwamba hakuna neno, yamekwisha. "Sorry" ya huruma haina lililo lake, na mfiwa wa Kiingereza hulazimika kushukuru kana kwamba amepewa zawadi. Afrika Mashariki imeichukua shukrani hiyo ikaitandaza kote, mahali ambapo Kiswahili kingesema "ahsante" au "nimeshapoa", hata katika ofisi ya Nairobi aliyeangusha kikombe chake cha chai husikia "sorry" kutoka meza tatu tofauti, naye huku akiokota vigae hujibu "thank you" kwa watu ambao, kwa hesabu ya mwalimu wa Kiingereza, wote watatu wamekiri kukivunja.